Askari wa kike wa mwanzo: beji walipewa, kazi wakanyimwa

Kabati_la_Zamani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa ajira za polisi kuna mdau kaandika kwamba askari wa kike ni "mambo ya Beijing", yaani ule mkutano wa wanawake wa dunia, kana kwamba kabla ya 1995 hakukuwa na mwanamke aliyewahi kumtia mtu pingu. Kumjibu kule ningevuruga mada ya watu, kwa hiyo nimeona nije na uzi wake. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu.

Nianze na jina linalotajwa sana, Alice Stebbins Wells. Mama huyu alizaliwa Kansas, Marekani, 1873, akasomea dini na akawa mhubiri na mtu wa huduma za jamii. Akiwa Los Angeles alikuwa anaona wasichana wanavyoharibikiwa kwenye kumbi za dansi na majumba ya sinema, akajiuliza kwa nini polisi haina mwanamke wa kushughulika nao. Hakuishia kulalamika. Alizunguka kukusanya saini za watu wenye majina mjini, akaipeleka hoja kwa meya na baraza la jiji, na Septemba 1910 akala kiapo.

Sasa angalia vitendea kazi alivyokabidhiwa: ufunguo wa visanduku vya simu za polisi mitaani, kitabu cha kanuni na kitabu cha huduma ya kwanza. Bunduki hakuna, kirungu hakuna. Sare ya kike haikuwepo, akabuni na kushona ya kwake. Beji alipewa ya kawaida kama ya wanaume, na ndiyo ikamponza. Polisi walikuwa wanapanda tramu bure. Yeye alipomwonyesha kondakta beji, kondakta akamkaripia kwamba anatumia beji ya mumewe. Ilibidi atengenezewe nyingine iliyoandikwa wazi kuwa ni ya polisi mwanamke, ikapewa namba moja.

Vitabu vingi vinasema huyo ndiye wa kwanza Marekani. Mimi sikubali, na ndiyo sababu hasa ya uzi huu.

Chicago kulikuwa na Marie Owens. Mzaliwa wa Canada, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland. Mumewe, fundi wa mabomba ya gesi, alikufa kwa homa ya matumbo 1888 akamwachia watoto watano. Mwaka uliofuata jiji liliajiri wanawake watano kukagua viwanda na karakana, yeye akiwemo. Kazi ilikuwa kuingia mahali ambapo watoto wadogo wanafanyishwa kazi kinyume cha sheria, kuwatoa na kuwabana wenye mali. Tatizo likawa moja: tajiri akikufungia mlango, mkaguzi wa afya utamfanya nini? 1891 mkuu wa polisi akamhamishia kwake, akampa cheo cha sajenti wa upelelezi, nyota ya polisi na mamlaka ya kukamata. Kuanzia hapo milango ikafunguka.

Alitumikia mpaka 1923, akiwa na umri wa miaka sabini hivi. Miaka 32 polisi! Alipofariki 1927 dunia ikamsahau kabisa, maana kuna mwandishi alimchanganya na mwanamke mwingine akaandika kwamba Owens alikuwa mjane wa askari aliyeonewa huruma tu. Wengine wakanakili, na nakala zikanakiliwa. Amekuja kufukuliwa karne hii na mpelelezi mmoja mstaafu wa dawa za kulevya, Rick Barrett, aliyekuwa akichimba habari za askari wa zamani wa Chicago.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: kuwapa hawa mama beji haikuwa shida kubwa. Kilichochukua zaidi ya nusu karne ni kuwapa kazi yenyewe ya polisi. Nitaendelea, karibuni.

---

Mtoto_wa_Kariakoo

Nimeshavuta kigoda. Endelea mkuu.

---

Chuma_cha_Pua

Mleta uzi umeandika vizuri ila unatupiga changa la macho. Kukagua viwanda, kuzuia mabinti wasiingie dansi, hiyo ni kazi ya afisa ustawi wa jamii. Zamani tungemwita bibi maendeleo. Polisi ni yule anayekwenda kwenye tukio saa nane usiku hajui nyuma ya mlango kuna panga au bastola. Huyo Wells wako ni ustawi wa jamii kavalishwa beji.

---

Kabati_la_Zamani

Chuma, mbona unanisaidia kazi? Hilo ndilo nililoandika kwenye kichwa cha uzi.

Ila swali ni nani aliamua iwe hivyo. Wanawake wa kwanza kuingia vituoni, Marekani na Ulaya, waliingia kama matroni wa mahabusu, tangu karne ya 19. Mwanamke akikamatwa lazima apekuliwe na mwanamke, alale chumba alichokifunga mwanamke. Hata sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka hivyo, mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Wakaajiriwa wajane. Wanakaa kituoni, wanalea mahabusu, wanasikia kila kinachosemwa, na hakuna anayewahesabu kuwa ni polisi.

Mmoja wao ni Isabella Goodwin wa New York. Mjane, watoto wanne, matroni tangu 1896. Februari 1912 majambazi waliiteka teksi iliyobeba fedha za benki Manhattan, wakaondoka na dola 25,000. Wapelelezi wanaume kibao wakapewa kesi, wapi! Goodwin akajipeleka kama mtumishi kwenye nyumba ya kupanga alimokuwa anakaa mpenzi wa mmoja wa watuhumiwa. Anafagia, anafua, anapika, masikio yako kazini. Maneno aliyoyasikia kwa wanawake wa nyumba ile ndiyo yaliyomkamatisha Eddie Kinsman na wenzake. Akapandishwa kuwa mpelelezi wa daraja la kwanza, mwanamke wa kwanza katika jeshi lile.

Hiyo siyo ustawi wa jamii, mkuu. Ukijulikana ndani ya nyumba ile umekwisha.

---

Mama_Mikoko

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi huku Uingereza, mkoa ulio jirani na Lincolnshire, nikipita Grantham huwa namkumbuka Edith Smith. Naomba nimlete, maana habari zake zina utamu na uchungu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kambi kubwa ya jeshi ikawekwa Belton Park, nje kidogo ya Grantham. Mji mdogo, askari maelfu kwa maelfu, vijana wana mshahara mfukoni na hawajui kama mwakani watakuwa hai. Mnaweza kufikiria wenyewe. Pombe, biashara ya ngono, mimba, fujo. London kulikuwa na kina Nina Boyle na Margaret Damer Dawson waliounda kikosi cha wanawake wa kujitolea 1914, wakaombwa walete watu Grantham.

Edith Smith alikuwa mkunga na mjane. 1915 akaapishwa na polisi wa pale akiwa na mamlaka kamili ya kukamata, wa kwanza Uingereza. Wizara ya Mambo ya Ndani ikaja juu: kisheria mwanamke hakuhesabiwa "mtu anayestahili" kuwa askari, kwa hiyo hawezi kuapishwa. Grantham wakaendelea naye kama vile barua haikufika. Sheria ya kuondoa kizuizi hicho ilikuja kupitishwa 1919, yeye ameshaacha kazi.

Alikuwa anazunguka peke yake, siku zote saba za wiki, kwenye vilabu, sinema, vichochoro. Anaonya wasichana, anawatafuta wazazi wao, anaandika majina ya wanawake wa kuzuiwa kuingia sinema. Taarifa za polisi za wakati huo zilisema makahaba wengine waliuhama mji kwa sababu yake. Lakini mwili una kikomo. Mwanzoni mwa 1918 aliacha, afya imekwisha. 1923 akajitoa uhai.

---

Mtoto_wa_Kariakoo

Dah. Mama Mikoko umenitoa jasho. Mungu amrehemu.

---

Zuhura_Sheria

Mama Mikoko, shikamoo. Umetaja utamu na uchungu, ila kuna uchungu mwingine umeuruka, naomba niuweke mezani kwa heshima.

Kabla ya Edith kuapishwa, kamanda wa jeshi pale Grantham alitoa amri ya kutotoka nje usiku KWA WANAWAKE TU. Wanajeshi waruka ukuta, wanawake wafungiwe ndani. Na waliopewa kusimamia amri hiyo ni hao hao wanawake wa kujitolea. Walikuwa wanaingia mpaka majumbani kuhakikisha wanawake wako ndani na hawana wanaume.

Nina Boyle alikuwa mpigania kura ya wanawake, alishafungwa gerezani kwa ajili hiyo. Aliposikia kikosi alichokiasisi kinawachunga wanawake badala ya kuwalinda, akaja juu, akamtaka Damer Dawson ajiuzulu. Mapema 1915 wakaitisha mkutano. Karibu wote wakabaki na Damer Dawson. Waliomfuata Boyle walikuwa wawili tu katika watu kama hamsini. Akatoka kwenye chombo alichokianzisha mwenyewe.

Sasa tukiwaita mashujaa tuseme yote. Waliingia polisi kwa kukubali kuwa fimbo ya kuwachapia wenzao.

---

Kabati_la_Zamani

Zuhura, hoja nzito. Sikatai hata nukta. Hata Wells kazi yake kubwa ilikuwa kuwaondoa wasichana kwenye dansi, si kuwakamata wanaume waliowangojea nje ya ukumbi. Lakini Owens simtii kundi hilo. Yeye aliwakabili wenye viwanda, watu wenye fedha na marafiki bungeni.

---

Mama_Mikoko

Marahaba mwanangu Zuhura. Ni kweli tupu. Nakumbusha tu kwamba Edith mwenyewe hakuwa kwenye mipango ya wakubwa wa London. Alikuwa mtu wa mtaani anayehesabu saa za lindo.

---

WP_Mstaafu

Nimewasoma kimya kimya tangu jana. Naomba nami niseme kidogo, kwa kuwa nimevaa sare hiyo mpaka nimestaafu. Mkoa na kituo sitaji.

Miaka yangu ya mwanzo mimi nilikuwa wa kaunta na wa kupekua. Doria inatoka, Land Rover inajaa vijana wa kiume, mimi naachiwa kitabu cha taarifa. Usiku wakikamata mwanamke ndipo nakumbukwa. Naamshwa kwa jina letu askari wa kike: "WP, njoo kuna wa kupekua." Natoka na kanga begani juu ya sare kwa baridi, nampeleka chumba cha pembeni, namwambia mama vua hereni na mkufu uvihesabu mwenyewe, tuandike, usije ukadai kesho. Wengine wanalia, wengine wananitukana, wengine wananiuliza dada mtoto wangu nimemwacha peke yake nyumbani nifanyeje. Hapo unakuwa polisi, ustawi wa jamii na shangazi kwa wakati mmoja.

Na nawaambia Chuma na wenzake: taarifa nyingi za kesi kubwa zimetoka chumba kile. Mwanamke hamwambii afande mwanaume aliyemkamata kwa makofi. Ataniambia mimi niliyemtafutia maji ya kunywa. Asubuhi namweleza mpelelezi, anaandika jalada, jina langu halimo. Kwa hiyo mliposimulia habari za Goodwin kuzisikia siri akiwa na ufagio mkononi, nilicheka peke yangu.

Dawati la Jinsia na Watoto lilipokuja, kwa mara ya kwanza ile kazi ikapata meza yake na mtu anayeulizwa. Nililifurahia. Lakini niliogopa pia kwamba sasa kila binti anayetoka depo atapelekwa dawatini kwa sababu ni binti.

---

Chuma_cha_Pua

Shikamoo afande. Hapo kwenye jalada nimekuelewa.

---

Njeri_wa_Nakuru

Hamjambo majirani. Huku Kenya tulifurahi sana 2013 Grace Kaindi alipokuwa Naibu Inspekta Jenerali, ila hiyo ni habari ya juzi. Kwa Afrika ya mapema ningependa mtaje Ghana. 1952, kabla hata ya uhuru, walichukua wanawake kumi na wawili, wa kwanza wao akiwa Rosamond Asiamah Nkansah. Kulikuwa na sharti: usiolewe, usipate mimba. Nigeria nao walikuwa na kanuni za polisi ambazo askari wa kike lazima aombe ruhusa ya kuolewa, na asiyeolewa akipata mimba anafukuzwa. Askari wa kiume akimpa mtu mimba anaendelea na lindo lake kama kawaida!

Na si Afrika tu. Sydney 1915 waliajiri wawili, Lillian Armfield na Maude Rhodes. Armfield alikuwa mhudumu wa hospitali ya wagonjwa wa akili. Walisainishwa karatasi kwamba wakiumizwa kazini serikali haihusiki. Sare hakuna, malipo ya saa za ziada hakuna. Akashughulika na magenge ya kokeini na wapiga ramli mpaka 1949, akastaafu bila pensheni. Sasa linganisha na Adelaide, nchi hiyo hiyo, mwaka huo huo: Kate Cocks na Annie Ross waliingia kwa mamlaka na mshahara sawa na wanaume. Kwa hiyo visingizio vya "wakati ule ndivyo ilivyokuwa" mimi huwa sivikubali. Wengine wakati ule ule waliweza.

---

Kabati_la_Zamani

Njeri asante sana, hiyo ya Adelaide imefunga mdomo wa wengi.

Sasa nifike nilipotaka kufika. Swali la kuuliza si nani alivaa beji kwanza, ni lini mlango wa vyeo na wa doria ulifunguka.

Cheo kwanza. Felicia Shpritzer aliingia polisi New York 1942. Miaka karibu ishirini yuko kitengo cha watoto. 1961 akaomba kufanya mtihani wa usajenti, fomu ikarudishwa: mtihani huo ni wa wanaume. Akaenda mahakamani. Jiji likajitetea kwamba wanawake hawana nguvu ya kazi hiyo, akalishinda 1963. Mtihani akafanya 1964, na 1965 yeye na Gertrude Schimmel wakawa masajenti wa kwanza wa kike New York. Fikiria, kesi mahakamani kwa ajili ya kuruhusiwa kukaa kwenye chumba cha mtihani tu.

Doria sasa. Septemba 1968, Indianapolis, Betty Blankenship na Elizabeth Coffal walikabidhiwa gari namba 47 waende mtaani kuitikia simu kama askari wengine. Sketi, viatu vya kike, bastola kwenye mkoba wa mkononi. Jambazi anakukimbilia, wewe unafungua zipu ya mkoba! Lakini walitoka. Kutoka kiapo cha Wells mpaka gari hilo ni miaka 58.

Na Los Angeles kwenyewe, mwaka 1973 mwanamke alikuwa bado haruhusiwi kupita cheo cha sajenti. Sajenti Fanchon Blake, aliyeingia 1948, akalishtaki jeshi lake. Kesi iliisha 1980 kwa makubaliano ya kufungua vyeo na ajira.

---

Chuma_cha_Pua

Sawa, vyeo nakubali. Lakini doria ya usiku bado nina mashaka. Tusidanganyane, nguvu hazilingani. Jambazi wa kilo tisini hajali usawa.

---

Zuhura_Sheria

Kaka Chuma, hilo lilishapimwa. Washington, mwaka 1972 na 1973, walichukua askari wapya wa kike 86 na wa kiume 86 wakawatoa doria, wakawafuatilia. Ripoti ilitoka 1974. Wanawake waliimudu kazi, na watafiti hawakuona sababu ya kuwazuia kwa jinsia yao. Wanaume walikamata watu zaidi kidogo, wanawake walikuwa na makosa machache ya mwenendo mbaya. Na jambazi wa kilo tisini hata askari wa kiume wa kilo sitini anamshinda nguvu. Ndiyo maana wanatembea wawili na redio.

---

Mtoto_wa_Kariakoo

Mbona mmewasahau Wamarekani weusi? Nimetafuta nimekuta jina la Georgia Ann Robinson.

---

Kabati_la_Zamani

Umefanya vema. Robinson alianza kujitolea polisi Los Angeles 1916, akaajiriwa rasmi 1919, mwanamke mweusi wa kwanza pale. Jeshi hilo hilo la Wells. Upelelezi wa mauaji alifanya, kesi za vijana alifanya, na wasichana waliokosa pa kulala aliwachukua nyumbani kwake. 1928 aliingilia ugomvi wa mahabusu wawili wa kike, mmoja akambamiza kichwa kwenye nondo. Akapofuka. Polisi ikaishia hapo, lakini kazi za jamii na za kupinga ubaguzi aliendelea nazo miaka mingi. Alipoulizwa baadaye kama anajuta, akajibu kwamba hajuti, hakuyahitaji tena macho, alishaona yote ya kuonwa.

Wale mnaosema wanawake walikuwa wanalea tu mahabusu, chumba hicho cha mahabusu ndicho kilichomtoa macho.

---

Chuma_cha_Pua

Hili sikulijua. Heshima kwake.

---

Binti_wa_Kahama

Shikamooni wakubwa. Nimeomba nafasi za polisi mwaka huu, nasubiri majibu. Bibi WP Mstaafu, nikipata, nifanyeje nisiishie kaunta? Nataka upelelezi.

---

WP_Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu.

Depo usikwepe shabaha wala kwata kwa kisingizio cha tumbo, wakufunzi wanaandika na daftari lile linasafiri mpaka kituoni. Ukifika kituoni kaunta utakaa, kila mtu anakaa. Ijue vizuri. Jifunze kuandika maelezo ya mlalamikaji yasiyo na mashimo, maana mpelelezi atakayesoma maelezo yako mara tatu bila kuyarudisha atakuulizia jina.

Halafu kozi. Huku kwetu cheo ni kozi, na jina la kwenda kozi linatoka ofisini kwa mkubwa wako. Omba kwa maandishi, bakiza nakala yenye muhuri wa mapokezi. Usiombe kwa mdomo kwenye korido. Mimi niliomba kwa mdomo miaka mingi, nikawa naambiwa "WP, zamu yako inakuja."

Leseni ya udereva unayo? Kama huna, itafute kabla hujaitwa. Gari la doria likikosa dereva hawaangalii tena nani kavaa sketi.

---

Binti_wa_Kahama

Leseni sina bibi. Jumatatu naanza chuo cha udereva.